Sisi wa Kambi ya Dani

Turubai jipya likipigwa na jua la Texas hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine. Ni harufu ya plastiki na vumbi, na kwa mbali kama ya viazi vilivyochemshwa, sijui kwa nini. Wiki iliyopita wanafunzi wenzangu walikuwa wakisimamisha hema nje ya maktaba ya chuo ili wauze vitabu vilivyotumika, na harufu hiyo ikanifikia nikiwa napita. Nikasimama. Nilikuwa nimerudi Alief, mtaani kwetu Houston, kwenye maegesho ya magari kando ya duka la samani lililofungwa. Nina miaka tisa au kumi, na nimenuna.

Nawaandikia ninyi mliokua kama mimi, kwenye viti vya nyuma vya magari ya wazazi wenu. Mnajua maisha yalivyokuwa: wiki nzima shule, Jumapili nzima kanisa, na kati ya hivyo viwili barabara isiyokwisha. Huenda mlicheka mkisikia kanisa letu liliwahi kupangwa kama marago, yaani kambi, ya Waisraeli jangwani. Basi nitawaeleza polepole, maana mpango ule ulikuwa na akili kuliko tulivyoujua.

Ile mvua ya kimbunga ilipoingia Houston ikakataa kuondoka, ukumbi tuliokuwa tukipanga ulijaa maji mpaka usawa wa madirisha. Maji yalipotoka yaliacha zulia linalonuka, viti vilivyovimba na kinanda ambacho funguo zake zilishuka bila kupanda tena. Mwenye jengo alisema matengenezo yatachukua muda. Kwa hiyo tukahamia nje. Kila familia ikaja na hema lake, lile la pikiniki lenye miguu minne ya chuma, na viti vyake vya kukunja.

Kanisa letu lilikuwa la watu wasio na lugha moja ya nyumbani ila Kiswahili: Wakenya, Watanzania na Wakongomani. Ukumbini, viti vilivyopangwa kwa mistari vilituchanganya tutake tusitake. Pale nje kila mtu alisimamisha hema alipopenda, na baada ya Jumapili chache tulikuwa nchi tatu. Wakenya walikuwa upande wa mashariki, mahali ambapo ukuta wa duka ulitoa kivuli asubuhi yote. Watanzania walikuwa katikati ya jua, na Wakongomani karibu na spika zao. Maneno yakaanza.

"Nyinyi Wakenya mlikuja kuabudu au kununua ploti?" baba mmoja wa Kitanzania aliuliza akijifuta jasho.

"Ploti ni ya anayeamka mapema," akajibiwa kutoka kivulini.

Watu walicheka, lakini si wote. Jumapili iliyofuata mama wawili walivutana hema, kila mmoja ameshika mguu wake, na mahubiri yakachelewa kuanza.

Ndipo Mwalimu Tumaini alipokuja na chaki. Alikuwa mwalimu wetu wa shule ya Jumapili, mtu wa Iringa, anayefanya kazi benki, na ambaye hakuweza kueleza jambo bila kulichora. Alichora mraba mkubwa juu ya lami, akatoa simu yake kutafuta kaskazini, kisha akatuita watoto tusimame ndani.

"Hapa katikati ni hema ya kukutania," alisema. "Hapo ndipo Mungu alipokaa na watu wake. Walawi wanaizunguka kwa karibu, kwa sababu wao ndio wanaoitunza na kuibeba. Kwetu hao ni kwaya na mchungaji. Sasa makabila mengine yanakaa pande nne, matatu kila upande, kila moja chini ya beramu yake."

"Beramu ni nini, Mwalimu?"

"Bendera. Ili mtoto akipotea ajue arudi wapi."

Alitutembeza upande kwa upande. Mashariki, maawio ya jua, walikaa Yuda, na pamoja nao Isakari na Zabuloni. Kusini walikaa Reubeni, Simeoni na Gadi. Magharibi walikuwa Efraimu, Manase na Benyamini. Kaskazini walikaa Dani, Asheri na Naftali. Milango yote ya mahema, alisema, nadhani aliikisia hii, ilitazama katikati. Hakuna aliyempa Mungu mgongo, na hakuna aliyekuwa mbali naye kuliko mwingine.

"Na wingu likiinuka, wanasafiri kwa utaratibu huo huo. Yuda wanatangulia. Kisha Reubeni, kisha Efraimu. Dani wanafunga msafara."

Halafu akaleta ndoo yenye vipande vya karatasi. Hatutakaa tena kwa nchi, alisema. Tutakaa kwa kura. Kila familia imtume mtoto.

Nilitaka Yuda. Faraja, rafiki yangu, alikuwa ametangulia kuchovya mkono, na akatoka na Yuda. Baba yake, Papa Faraja, Mkongomani mwenye sauti ya kufungulia milango, alimnyanyua juu kama aliyeshinda kombe. Nikaingiza mkono wangu, nikakoroga mpaka Mwalimu akaniambia hiyo si supu. Nikatoa karatasi. Dani.

Lazima niwaeleze nilivyoelewa wakati ule. Kwanza, niliamini jangwa la Waisraeli lilikuwa maegesho ya magari. Niliona kichwani mwangu mchanga wenye mistari myeupe, na kila kabila likijiingiza kwenye nafasi yake kwa uangalifu lisije likamgonga jirani. Hilo halikuwa na madhara. La pili ndilo lililoniumiza. Shuleni tulikuwa tukipanga foleni kwenda kula, na mwalimu alimweka mbele aliyefanya vizuri wiki ile. Aliyepiga kelele alikaa mwisho. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba Yuda ndio wa kwanza na Dani wa mwisho, nilielewa kwamba Mungu ametupima akatuona tumepungua. Yuda alikuwa na kivuli na mawio. Sisi tulikuwa kaskazini, karibu na mfereji na mapipa ya takataka ya duka la kuku. Ushahidi ulikuwa kamili.

Hata beramu yetu ilinitia haya. Yuda walishonewa bendera ya zambarau yenye simba. Yetu ilitoka kwenye kitenge cha kijani kilichobaki kwa mtu, chenye picha za feni.

"Feni ni nzuri," Mama alisema. "Na hili joto?"

Mama yangu ni Mkamba wa Machakos. Alikuwa nesi katika hospitali mojawapo ya zile kubwa za katikati ya Houston. Baba alifanya kazi wikendi zote kwenye ghala, hivyo Jumapili tulikuwa wawili, Mama na mimi, chini ya hema letu la buluu. Nilimwuliza kwa nini Mungu ametuweka mwisho.

"Nani amekuambia mwisho ni vibaya?"

"Kila mtu anajua, Mum."

"Mimi sijui," akasema, na kuendelea kukunja kiti.

Mpango wa Mwalimu ulifanya kazi. Baada ya majuma machache Wakenya walikuwa wamejifunza kusaga pilipili kama Wakongomani, na yule baba wa Kitanzania alikuwa Isakari, kivulini, akiwauliza waliopita juani kama walikuja kununua ploti. Mimi tu ndiye niliyekaa nikitazama upande wa mashariki.

Kisha kanisa rafiki la Cedar Hill, kule Dallas, likatualika. Walikuwa wamenunua viti vipya na walitaka kutugawia vya zamani, pamoja na mimbari na spika mbili. Tukaamua kwenda kanisa zima Jumamosi moja, na Mwalimu Tumaini akasema tusafiri kama walivyosafiri wao. Magari ya Yuda yatangulie. Magari yenye kwaya na mchungaji yakae katikati. Dani wafunge msafara. Na ndani ya Dani, nani awe wa mwisho kabisa?

Mama yangu akainua mkono.

Ningeweza kuelewa kura. Kura haina macho. Lakini kuinua mkono mwenyewe, mbele ya watu wote, kuomba kuwa wa mwisho wa wa mwisho! Nilitazama lami mpaka watu walipotawanyika.

Siku ya safari Faraja alinivuta pembeni kabla hatujaondoka. "Ukuje na sisi. Papa amesema iko nafasi. Tuko na TV nyuma."

Mama alisema nikitaka niende, lakini tuanze pamoja, nitahama tukisimama njiani. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya barabara ile niliisafiri nikiwa nimevaa begi langu tayari kifuani. Mbele yetu niliona mkia wa gari moja tu, na mbele ya hilo, vumbi la watu waliobarikiwa.

Tulisimama kwenye kituo cha mafuta kikubwa kama uwanja wa ndege, chenye duka ndani linalouza kila kitu. Mnakumbuka vituo vya namna ile katika safari zetu, na mnakumbuka vurugu yake. Watoto wanahamia kwa marafiki. Wazee wanahamia kwenye gari lenye ubaridi zaidi. Mtu anahamisha sufuria ya wali, na mwenye sufuria anaifuata. Dakika chache baadaye hakuna anayejua nani yuko wapi, na kila mmoja ana hakika kwamba mwenzake anajua.

Niliteremka nikakimbilia gari la Papa Faraja. Nilikuwa nimefika mlangoni nilipokumbuka kwamba koti langu la kwaya ya watoto limebaki kwenye buti letu, na ufunguo uko kwa Mama. Nikarudi. Mama hakuwepo kwenye gari. Nilimkuta ndani, kwenye vyoo vya wanawake, akigonga mlango mmoja baada ya mwingine.

"Hodi. Kuna mtu wetu humu? Hodi. Kuna mtu wetu?"

Mlango mmoja ukajibu kwa Kihispania. Mama akaomba radhi kwa Kiingereza, akasogea mlango wa pili.

"Mum, ufunguo. Wanaondoka."

"Subiri nimalize."

"Mum, tuta-miss! Yuda wanaondoka!"

"Yuda wanajua njia." Aligonga mlango wa mwisho, akasikiliza. "Enda uzunguke nje, huku upande wa nyuma, uangalie kama kuna mtu amebaki. Mimi naangalia huku kwa vyakula."

"Hakuna mtu!"

"Umeangalia?"

Nilitoka nikiwa na machozi ya hasira. Kupitia kioo niliona gari la Papa Faraja likiingia barabarani, beramu ya zambarau ikipiga dirishani, na nyuma yake la pili na la tatu, mpaka hata wale wenzetu wa Dani. Maegesho yakabaki na gari letu peke yake na malori ya watu wasiotuhusu. Nikazunguka jengo nikipiga teke kila kilichopigika. Nilikuwa na uhakika kwamba hii ndiyo maana ya kuwa Dani. Nafasi yako inapita ukiwa unagonga milango ya vyoo.

Upande wa nyuma, penye masanduku makubwa ya barafu, kulikuwa na benchi. Juu ya benchi aliketi Bibi Koku.

Bibi Koku alikuwa mama mzazi wa Mama Brian, muumini mwenzetu aliyekuwa Efraimu. Alitoka Bukoba kuja kumsaidia bintiye na mtoto mchanga. Hakuwa na simu, wala neno la Kiingereza. Alikuwa amejifunika khanga mabegani, mkoba ameushika mapajani kwa mikono miwili, na alikuwa akimsikiliza kwa heshima dereva mmoja wa lori aliyekuwa akimweleza jambo refu kuhusu trela lake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwambie huyu baba simwelewi, lakini asikasirike." Dereva akagusa kofia yake, akaenda zake. "Kile choo chao kinapiga maji chenyewe hata hujainuka. Nimetoka nipumue. Mama Brian yuko wapi?"

"Wameondoka, Bibi."

"Wamekwenda wapi?"

"Dallas."

Akatazama maegesho yote, taratibu, kutoka kona hadi kona. Niliona mikono yake ikikaza mkoba.

"Na mimi?"

Sijawahi kusahau namna alivyouliza. Hakulia, wala hakulaumu mtu. Aliuliza kama mtu anayetaka tu kujua amewekwa wapi. Na mimi, niliyekuwa nimebeba swali lile lile tangu siku ya ndoo nikidhani ni langu peke yangu, nikajikuta mimi ndiye wa kulijibu.

"Wewe uko na sisi," nikasema. "Sisi ni Dani."

"Dani ndio nani?"

"Wa nyuma."

"Wa nyuma ya nani?"

"Ya watu wote."

Akalifikiria. Kisha akanipa mkoba wake nimshikie na kuinuka kwa kuegemea bega langu. "Haya, nyinyi wa nyuma. Mna gari au mnatembea?"

Mama alipotuona tukija alisimama pale mlangoni mwa duka na pakiti ya maji mkononi. Alimshika Bibi mkono, akamgusa kifundo cha mkono kwa vidole viwili, kama wanavyofanya manesi hata wasipojua wanafanya, akamnywesha maji. Baadaye tulijua ilivyotokea. Mama Brian alidhani mama yake amehamia kwenye gari la wazee, kwa sababu lilikuwa na nafasi ya kunyoosha miguu. Wazee walidhani amerudi kwa binti yake na mtoto. Hakuna aliyekuwa mzembe. Kila mmoja alimwona akiwa salama kwa mwenzake.

Mama alimpigia Mama Brian, simu ikaita bila kupokelewa. Gari lile lilikuwa na kwaya, na walipoimba hakuna aliyesikia kitu kingine. Akampigia Papa Faraja, akasema maneno machache, na hata mimi niliyekaa nyuma nilisikia ile sauti ya kufungulia milango ikisema taratibu, "Aksanti, Mama. Aksanti sana. Sisi tutabangojea."

Nilimwuliza Mama alijuaje kwamba kuna mtu.

"Sikujua," akasema. "Lakini kazini siwezi kutoka zamu bila kupita kila kitanda, hata kama wote wamelala. Na hukumsikia Mwalimu siku ile, ulikuwa umenuna. Alisema Dani walikuwa nyuma ya marago yote. Mtoto akichoka, mbuzi akichechemea, mzee akikaa chini kupumzika, yule wa mbele hawezi kuwaona. Anaangalia mbele, hiyo ndiyo kazi yake. Wa nyuma ndiye anaona kila kilichoanguka. Kwa hivyo haiwezekani uweke huko mtu yeyote tu. Unaweka mtu unayemwamini." Akanitazama kwenye kioo. "Ukipewa zamu ya mwisho, mami, usidhani umesahauliwa."

Bibi Koku alikuwa akitafuna mahindi ya kukaanga ambayo mtu alimnunulia dukani. "Mahindi ya huku magumu," alisema. "Endesheni pole, nisivunje jino."

Mimi nimesoma mengi tangu wakati ule, na nimekutana na watu wengi wenye kiu ya kutangulia. Siwacheki, maana bila Yuda hakuna safari. Lakini kila nikiulizwa nyumbani kwetu ni wapi, kabla sijataja Machakos au Alief, kuna kitu ndani yangu kinajinyoosha na kusema kimya kimya kwamba mimi ni Dani, mtoto wa mwanamke aliyeinua mkono.

Tulifika Cedar Hill jua likiwa juu kabisa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona kwamba Texas nayo ina vilima. Nilitegemea kukuta maegesho matupu na watu wote ndani, kwenye kiyoyozi, wakiwa wameanza kuimba. Badala yake kanisa letu zima lilikuwa nje, kwenye joto lile. Hakuna aliyewapanga, lakini walikuwa wamesimama walivyozoea: Yuda mashariki, Reubeni kusini, Efraimu magharibi, na kwaya katikati na majoho yao yakiwa yamelowa jasho. Upande wa kaskazini wenzetu wachache wa Dani walikuwa wamesogea huku na huku, wakaacha katikati yao nafasi ya gari moja.

Mama aliliingiza gari pale. Mama Brian alifika mlangoni kabla halijasimama, mtoto akiwa mgongoni, akamkumbatia mama yake huku akimpiga piga mgongoni kama anayemkemea. "Niache, mwanangu," Bibi alisema. "Nilikuwa na watu."

Mlangoni mwa kanisa alisimama mzee wa wenyeji wetu, Mkenya mwenye tai nyekundu, ambaye kwa dalili zote alikuwa amewaambia watu waingie mara nyingi na wakakataa. Alitazama saa yake, akamtazama Papa Faraja aliyekuwa mbele ya wote na bendera yake ya simba.

"Sasa mmefika wote?"

Papa Faraja akageuka nyuma, na waliokuwa nyuma yake wakageuka, na waliokuwa nyuma yao, mpaka kanisa zima likawa linatutazama sisi. Walikuwa watu wa mbele, na hilo hawakuweza kulijua. Mama alikuwa ameinama akimfunga Bibi Koku kiatu. Alininyooshea kidevu, maana yake jibu wewe.

Nikatazama barabara tuliyotoka. Haikuwa na mtu wetu hata mmoja.

"Wote," nikasema kwa sauti kubwa. "Tumefika wote."

Ndipo mzee akafungua mlango.